Edward Tingatinga: Mchoraji wa rangi za baiskeli ambaye jina lake liligeuka mkondo wa sanaa

KAMA uko Kulesa na una mkono wa kuchora, huenda umewahi kuambiwa uache mchezo ushike jembe. Eti sanaa ya maana ni ya watu wa mjini. Eti inataka chuo, turubai, rangi za bei ghali na ukumbi wa maonyesho. Na ukifungua kitabu cha historia ya sanaa, majina ni yale yale: Leonardo da Vinci wa Italia, Van Gogh wa Uholanzi, Picasso wa Uhispania. Hakuna njia inayopita Garsen.

Haya basi, leo soma maisha ya jamaa mmoja wa huku kwetu Afrika Mashariki. Shule alisoma kidogo tu. Chuo cha sanaa hakukikanyaga. Alianza kuchora akiwa mtu mzima wa miaka kama 36, tena juu ya hadibodi za kujengea, kwa rangi ya kupaka baiskeli. Alichora kwa takriban miaka minne tu, kisha akauawa. Lakini leo ukiingia soko la vinyago Nairobi, Mombasa au Zanzibar, utakuta mamia ya picha zinazoitwa kwa jina lake, na walionunua nyingine wamezipeleka hadi Ulaya na Japani.

Anaitwa Edward Saidi Tingatinga. Alifariki mwaka 1972, kabla wewe hujazaliwa, na pengine kabla mama yako hajazaliwa.

Usidhani hii ni hadithi tamu mwanzo hadi mwisho. Ina utamu wake, na ina uchungu ambao kijana yeyote mwenye kipaji anafaa kuujua mapema.

Kutoka Tunduru

Kwanza jina. Kwa Kiswahili, tingatinga ni trekta, lile dude linalolima na kusukuma udongo. Wakenya wanalijua vizuri hata katika siasa. Lakini kwa Edward halikuwa jina la utani. Alilirithi kwa babake. Na ukitazama majina yake mawili ya mwanzo, Edward na Saidi, moja la Kikristo na jingine la Kiislamu, hutashangaa wewe mtu wa Tana River, ambako ukoo mmoja unaweza kuwa na watu wa msikitini na wa kanisani wakala sinia moja.

Alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilayani Tunduru, kusini mwa nchi iliyoitwa Tanganyika wakati huo. Leo kijiji hicho kinajulikana kama Nakapanya. Tunduru iko upande wa mpaka wa Msumbiji, mbali na bahari na mbali na mji mkubwa wowote. Wazazi wake walikuwa wakulima wa hali ya chini. Msitu uko karibu, na hadi leo wakulima wa huko wanapambana na tembo wanaovamia mashamba.

Hapo ulipo unaielewa picha hiyo. Ukilima ndizi au mpunga kando ya Mto Tana, unajua maana ya kuamka asubuhi ukakuta kiboko amepita shambani. Mtoto anayekua mahali kama hapo hahitaji kupelekwa mbuga za wanyama ili ajue mnyama anakaaje, anatembeaje, anageuzaje shingo. Anajua kwa sababu maisha yake yanategemea kujua.

Kama vijana wengi wa wakati wake, Edward aliondoka nyumbani kutafuta riziki. Katikati ya miaka ya 1950 alielekea Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Mkonge ndio uliokuwa mhimili wa uchumi wa Tanganyika enzi hizo, na mashamba yake yalivuta vibarua kutoka kila pembe. Ilikuwa kazi ngumu ya jua kali na miiba, na malipo yake yalikuwa haba.

Baadaye akashuka Dar es Salaam, akakaa kwa jamaa zake. Akafanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Wazungu upande wa Oyster Bay, mtaa wa nyumba kubwa za ufukweni ambamo maafisa wa serikali ya kikoloni walikuwa wakiishi. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, Waingereza wengi walifunga virago, na mtu aliyezoea kufanya kazi majumbani mwao ilibidi ajitafutie kwingine. Edward aliishi kwa vibarua, leo hiki, kesho kile.

Tutulie kidogo hapo. Miaka ilikuwa inakwenda. Alifika 30, akapita 35. Hakuwa na cheti, hakuwa na shamba mjini, hakuwa na kazi ya kudumu. Kwa kipimo cha watu wa mtaani, huyo alikuwa ameshachelewa. Nakuambia hivi kwa sababu najua wapo vijana wa miaka 22 wanaoamini kwamba gari limeshawaacha.

Hadibodi na rangi ya baiskeli

Mwaka 1968 ndipo alipoanza kuchora picha za kuuza.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na wachoraji waliotoka Kongo, waliokuwa wakiuza picha zao kwa wageni. Kulikuwa pia na wachongaji wa Kimakonde, ambao vinyago vyao vya mpingo vilikuwa vimeshapata soko. Inasemekana Edward alizitazama zile picha za Wakongo akaona kwamba na yeye anaweza. Watafiti wengine wanakwenda nyuma zaidi, wanasema mkono wake ulitokana na michoro ambayo watu wa kusini walikuwa wakiichora kwenye kuta za nyumba zao. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Mtu huona kitu sokoni, kisha mkono wake unakumbuka kitu cha nyumbani.

Tatizo lilikuwa vifaa. Turubai la mchoraji lilikuwa ghali. Rangi za mafuta zinazouzwa katika vichupa vidogo zilikuwa ghali zaidi. Basi akaingia duka la vifaa vya ujenzi kama lile la Garsen au Minjila, akatazama kilichopo. Akachukua hadibodi, ile mbao nyembamba iliyoshindiliwa ambayo mafundi huitumia kwenye dari. Akachukua rangi ya enameli, ile inayong'aa, ambayo watu hupakia baiskeli na milango.

Picha zake nyingi ni za mraba, karibu futi 2 kwa 2. Piga hesabu. Hadibodi nzima ina futi 4 kwa 8. Ukiikata kwa kipimo hicho unapata vipande vinane, na hakuna hata kipande cha kutupa. Leo wanunuzi wanaliita umbo hilo alama ya Tingatinga wa kwanza, lakini kwa mtu asiye na pesa hesabu yake ilikuwa rahisi namna hiyo.

Rangi nayo ilimpa masharti yake. Enameli hukauka polepole. Ukikimbilia kuweka rangi ya pili juu ya ya kwanza, zote zinachafuka. Kwa hiyo unapaka kwanza rangi moja ubao mzima, unaacha ikauke, unafanya kazi kwenye ubao mwingine, ndipo unarudi kumweka mnyama. Tena si rahisi kuchanganya enameli ikakupa vivuli laini kama vya wachoraji wa Ulaya. Inakupa rangi kavu, safi, inayowaka: nyekundu ni nyekundu, njano ni njano.

Ndiyo sababu picha ya Tingatinga mwenyewe ukiiona huisahau. Nyuma kuna rangi moja tu. Mbele kuna mnyama mmoja, chui au tembo au ndege, mkubwa hadi anajaza ubao. Mkia unapinda kufuata ukingo, miguu inarefuka kuziba nafasi, macho yanakutazama. Hakuna kivuli, na hakuna jitihada ya kukuonyesha kipi kiko mbali na kipi kiko karibu. Wakati mwingine anaongeza mti, kichaka au ndege mdogo. Basi.

Mtu aliyesoma sanaa angesema huyu hajui kuchora kina wala mwanga. Lakini hayo hayo yalisemwa Ufaransa kumhusu Henri Rousseau, aliyezaliwa mwaka 1844. Rousseau alikuwa karani wa kutoza ushuru wa bidhaa zilizoingia Paris. Hakusomea uchoraji, akaanza kazi hiyo kwa dhati akikaribia miaka 40. Alichora misitu yenye simba na chui ilhali msitu wa aina hiyo hakuwahi kuuona kwa macho. Mimea yake aliitoa kwenye bustani ya mimea ya Paris. Watu walimcheka. Leo picha zake ziko katika majumba makubwa ya makumbusho duniani, na vijana wa shule wanafundishwa kuzitazama.

Tofauti ni kwamba Edward alitoka mahali ambapo tembo ni jirani.

Chini ya mti, nje ya maduka

Sasa picha zipo. Nani atanunua?

Edward hakungoja aitwe kwenye maonyesho. Alizipeleka pale wateja walipo, nje ya maduka yaliyojulikana kama Morogoro Stores, huko huko Oyster Bay. Wageni waliokuwa wakiishi mtaani walikuja hapo kununua chakula. Wakitoka na vikapu vyao wanakuta picha zimepangwa nje, zinang'aa kwa jua. Bei ilikuwa ya shilingi chache. Wakanunua.

Mambo yakaanza kunyooka. Mwaka 1970 akaoa, mkewe akiitwa Agatha Mataka. Akapata pia kazi ya usaidizi katika hospitali ya Muhimbili, akawa anachora baada ya saa za kazi. Shirika la serikali lililoshughulikia sanaa likaanza kununua picha zake. Nchi ilikuwa imetoka kutangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na hamu ya kuona vitu vilivyotengenezwa na wananchi wenyewe ilikuwa juu. Mchoraji aliyetoka kwa wakulima, anayechora kwa vifaa vya dukani, alikuja kwa wakati wake.

Lakini kitu kikubwa zaidi alichofanya Edward, kwa maoni yangu, hakiko kwenye ubao wowote. Soko lilipokua, aliwaita ndugu na jamaa, wengi wao watu wa kwao kusini waliokuwa wakihangaika mjini kama alivyohangaika yeye, akawafundisha. Miongoni mwao walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na Simon Mpata. Aliwaonyesha jinsi ya kukata hadibodi, jinsi ya kupaka rangi ya nyuma, jinsi ya kuvuta mstari wa mgongo wa chui bila mkono kutetemeka.

Fikiria ingekuwa wewe. Umepata biashara, wateja wanakujia peke yako mji mzima. Je, ungemfundisha mwingine? Wengi wetu tungeficha. Tungesema siri ya mtungi aijuaye kata. Yeye alifungua mtungi.

Usiku wa 1972

Mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, polisi walimpiga risasi Edward Tingatinga wakimdhania kuwa mhalifu waliyekuwa wakimsaka. Hakuwa yeye. Alifariki akiwa na umri wa takriban miaka 40, akaacha mjane na watoto wadogo.

Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Ni kosa lililofanywa kwa dakika moja, likafunga mkono uliokuwa ndio kwanza umeanza kupata kasi. Ukiwa kijana wa Kenya, huhitaji nikueleze zaidi maana ya kufa kwa kudhaniwa mtu mwingine.

Mchoraji wa kawaida akifa baada ya miaka minne ya kazi, sanaa yake inakufa naye. Picha chache zinabaki kwenye kuta za watu, zinapauka, zinatupwa. Kwa Edward haikuwa hivyo, kwa sababu moja tu: kulikuwa na watu aliowafundisha. Baada ya mazishi walirudi kwenye hadibodi. Wakaendelea kuuza mahali pale pale, wakafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine tena. Mwaka 1990 wakaanzisha rasmi chama chao cha ushirika, kikabeba jina la mwalimu wao.

Simon Mpata alikuja huku kwetu Kenya, akafanyia kazi zake Nairobi. Wajapani walizipenda picha zake hivi kwamba hoteli moja ya kitalii katika Maasai Mara imepewa jina lake, Mpata. Na kama ulikuwa mtoto miaka ya 2010, huenda uliona kwenye runinga katuni za Tinga Tinga Tales, zile hadithi za wanyama zinazoeleza kwa nini tembo ana mkonga na mengine kama hayo. Zilionyeshwa Uingereza kwanza, lakini sehemu kubwa ya uchoraji wake ilifanywa Nairobi na vijana wa hapa.

Mkondo huwa unazaliwa vipi

Hapa ndipo historia ya sanaa inapokuwa tamu. Unaposikia neno mkondo wa sanaa, usidhani kuna kamati iliyokaa ikapiga kura. Mwaka 1874, wachoraji wapatao 30 waliochoka kukataliwa na wakubwa wa sanaa wa Paris walipanga picha zao katika studio ya mpiga picha aitwaye Nadar. Mmoja wao, Claude Monet, alikuwa na picha ya bandari ya Le Havre wakati wa mawio, iliyochorwa harakaharaka, ukungu mtupu na duara jekundu la jua. Aliipa jina lenye neno la Kifaransa linalomaanisha taswira inayokupita machoni. Mwandishi mmoja wa gazeti akalichukua neno hilo akalifanya dhihaka. Kumbe dhihaka ile ndiyo iliyowapa jina la kudumu: Waimpreshenisti. Leo picha zao ni miongoni mwa zilizo ghali kuliko zote duniani.

Kwa hiyo mkondo unahitaji vitu vitatu: namna ya kuona ambayo si ya jana, kundi la watu wanaoshikilia namna hiyo, na jina. Monet na wenzake walivipata Paris. Edward na wenzake walivipata nje ya duka la chakula Dar es Salaam. Na wao jina lao hawakupewa na mwandishi wa dhihaka. Ni jina la mtu wao.

Lakini kila mkondo hubadilika. Wanafunzi wa wanafunzi walianza kujaza ubao. Badala ya chui mmoja, wakachora twiga kumi, pundamilia, ndege, mlima wenye theluji, vitone vya rangi kila mahali. Wengine wakachora maisha ya kijijini, sokoni, hospitalini. Na watalii walipozidi, baadhi wakaanza kurudufu picha moja mara mia. Ndiyo maana ukipita sokoni unaona twiga yule yule kwenye vibanda vitano. Wapo wanaosema sanaa hiyo imekufa, imebaki biashara. Wapo wanaosema hapana, watu wanakula na watoto wanasoma kwa hiyo. Mimi naona kila upande una haki yake. Kurudufu kunamfundisha mkono, na mkono usiofundishwa haufiki popote. Lakini anayebaki kwenye kurudufu maisha yake yote anaingia sokoni na watu mia wenye bidhaa ile ile, na hapo bei haiwezi kupanda.

Jina kwenye ubao

Tazama picha ya Edward mwenyewe na utaona jambo moja dogo: ameweka sahihi yake mbele, E.S. Tingatinga, herufi zinazosomeka. Dogo kwa macho, lakini pima uzito wake.

Mwaka 1907, Picasso alichora picha maarufu ya wanawake watano, Les Demoiselles d'Avignon. Nyuso za baadhi yao zimekatika kama vinyago, na ni katika miezi hiyo alipotembelea jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris na kuona vinyago vya Afrika. Picha hiyo inahesabiwa kuwa mlango wa sanaa ya kisasa ya Ulaya. Jina la Picasso unalijua. Jina la aliyechonga vile vinyago hulijui, na hata Picasso hakulijua, kwa sababu waliovichukua hawakujali kuuliza.

Mfano wa nyumbani upo. Wapokomo walikuwa na Ngadji, ngoma takatifu ambayo sauti yake ilikuwa mamlaka kwa jamii nzima ya mtoni. Maafisa wa kikoloni waliichukua mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi sasa imo mikononi mwa British Museum, London, imewekwa ghalani. Wazee wamekuwa wakidai irudishwe. Lakini hebu jiulize swali jingine: fundi aliyeichonga ni nani? Alikuwa mtu, alikuwa na mikono kama yako, alichagua gogo, akalitazama, akalichimba. Kazi yake imevuka bahari, jina lake halikuandikwa popote.

Edward alikataa hatima hiyo kwa mstari mmoja wa brashi. Picha yake ikienda Copenhagen au Tokyo, inakwenda na jina.

Na hapa ndipo uchungu nilioutaja unapoingia. Jina lilikwenda mbali, lakini pesa hazikulifuata. Edward aliuza kwa shilingi chache, na bei kubwa za picha zake halisi zilikuja miaka mingi baada ya kufa kwake, mikononi mwa watu wengine. Jina lenyewe likatumiwa na kila mtu, hadi watu wakaanza kuandika E.S. Tingatinga kwenye picha ambazo hakuzigusa.

Sheria ya Kenya ya hakimiliki iko wazi kwa mchoraji. Picha uliyoichora wewe ni yako tangu unapoimaliza, na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya mwaka utakaofariki. Kinacholindwa ni picha yenyewe, si mtindo. Hakuna anayeweza kumiliki namna ya kuchora chui. Kwa hiyo mwingine akichora kwa mtindo wako, hujaibiwa. Akichukua picha yako akaichapisha kwenye fulana bila ruhusa, hapo kuna kesi. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya husajili kazi za wasanii kupitia mtandao, na cheti chake ni ushahidi siku ya mzozo.

Wewe wa Kulesa ufanye nini

Sikuambii ukachore twiga. Twiga wamechorwa wakachoka. Tingatinga alichora wanyama kwa sababu aliwajua na kwa sababu wateja wake waliwataka. Wewe unajua nini ambacho mtu wa Westlands hakijui?

Unajua maji ya Tana yanavyobadilika rangi mvua za mbali zinaponyesha milimani. Unajua yangeyange wanavyotua mashambani mafuriko yakishuka, weupe juu ya tope. Unajua pembe za ng'ombe wa Waorma wakija kunywa, mgomba uliolala baada ya kiboko kupita, mtumbwi uliobeba baiskeli, mbuzi na mama aliyejitanda leso. Unajua pia watu waliohama na godoro kichwani mto ulipofurika. Hayo yote hayajapata mchoraji wake.

Vifaa? Kipande cha hadibodi kilichobaki kwa fundi. Mkebe mdogo wa rangi, nyekundu, nyeusi, nyeupe, njano na buluu, ununue mmoja mmoja kadiri unavyopata. Kama unaandika vibao vya maduka au unapamba bodaboda, tayari una brashi na mkono. Anza kwa rangi moja nyuma na kitu kimoja mbele. Acha ikauke. Usikimbie. Weka sahihi yako mbele, isomeke. Piga picha kwa simu kabla hujauza, uandike tarehe na aliyenunua. Kisha ipeleke watu walipo: stendi ya Garsen, hoteli za barabara ya Malindi kwenda Lamu, mtandaoni. Usiingoje siku ambayo ukumbi wa Nairobi utakutafuta.

Halafu tafuta mdogo wako mmoja mwenye mkono, umwonyeshe. Umwonyeshe kila kitu, hata kile unachoona ni siri yako. Edward Tingatinga alipewa miaka minne tu, na hakujua kwamba ni minne. Kama angeficha ujuzi wake mpaka atajirike kwanza, leo usingekuwa unasoma habari zake. Alifundisha mapema, akiwa bado mwenyewe anajifunza. Kazi ikabaki baada yake.